Kerneli Ikizimia: Ushahidi wa Kumpelekea Fundi Asiyeiona Mashine Yako

Mpwa wangu anatunza kompyuta za duka moja la vipuri vya magari, Kariakoo. Jumatatu moja alinitumia picha ya simu: skrini nyeusi, maandishi meupe yaliyopinda kwa sababu alipiga kwa upande, na kivuli cha kidole chake kimemeza robo ya juu. Mstari wa chini kabisa ulisomeka hivi:

`---[ end Kernel panic - not syncing: Fatal exception in interrupt ]---`

"Shikamoo mjomba. Seva imegoma tena. Taa ya Caps Lock inawaka na kuzima yenyewe. Hii ni nini?"

"Marahaba. Picha nzuri, ila umepiga kaburi. Mimi nataka kuiona ajali."

Hakunielewa, na si yeye peke yake. Kerneli ya Linux ikianguka huandika kwanza kosa lenyewe, kisha mistari thelathini au arobaini ya hali ilivyokuwa wakati huo, halafu ndipo hutangaza kifo. Skrini ikijaa, mistari ya juu husukumwa nje, na mashine ikishasimama hakuna namna ya kuirudisha. Kinachobaki kwenye picha ni tangazo la msiba lisilotaja marehemu ameuawa na nini. Halafu tangazo hilo ndilo watu wanalolituma na kusubiri majibu.

Tuanze na kilichoanguka. Kerneli ni sehemu ya mfumo endeshi iliyoshika funguo zote. Kivinjari kikitaka kusoma faili hakiigusi diski, huiomba kerneli. Programu ikitaka RAM zaidi, yaani kumbukumbu ya kazi ya mashine, huiomba kerneli. Programu ya kawaida ikivuka mpaka, kerneli huiua na siku inaendelea, wewe unaona dirisha limefunga tu. Lakini kerneli ikikosea yenyewe, hakuna aliye juu yake wa kuituliza. Ndiyo maana kosa dogo humo ndani huwa na madhara makubwa. Julai 19, 2024 kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zilianguka kwa sababu programu ya usalama ya CrowdStrike, inayofanya kazi ndani ya kerneli, ilikwenda kutafuta thamani ya 21 kwenye orodha yenye thamani 20. Ingekuwa programu ya kawaida ingekufa peke yake, na viwanja vya ndege visingejua.

Linux ina ngazi mbili za kuanguka, na kuzichanganya huharibu ripoti nyingi. Ya kwanza inaitwa oops. Kerneli imejikuta imefanya jambo lisilowezekana, inaandika maelezo, inaua mchakato uliokuwa ukiendeshwa, kisha inajaribu kuendelea, ikichechemea. Ya pili ni paniki: inasimama kabisa. Oops inaweza kugeuka paniki papo hapo kama kosa limetokea wakati kerneli inashughulikia wito wa kifaa, tuseme kadi ya mtandao imebisha hodi na pakiti mpya, kwa sababu hapo hakuna mchakato wa kuutoa kafara. Maneno "in interrupt" kwenye picha ya mpwa wangu yalikuwa yanasema hilo tu. Neno paniki lenyewe ni la zamani. Tom Van Vleck, aliyefanya kazi kwenye mfumo wa Multics, amesimulia jinsi alivyomlalamikia Dennis Ritchie, mmoja wa waliounda mfumo wa Unix, kwamba nusu ya programu anayoandika ni ya kujinusuru na makosa. Ritchie akamjibu kwamba wao hayo yote wameyaacha: kosa likitokea wanaita panic, mashine inaanguka, na unapiga kelele ukumbini kwamba iwashwe upya.

Na "not syncing" je? Mashine inapozimwa kistaarabu, kerneli humwagia diski kila kilichokuwa kinasubiri kwenye RAM. Ikipaniki haifanyi hivyo, kwa kuwa haijiamini tena. Huenda hesabu zake zimeshavurugika, na kuandika sasa ni kueneza uharibifu hadi kwenye mafaili yako. Uamuzi wa busara, lakini una gharama: maelezo ya ajali nayo hayaandikwi diski. Ukiwasha upya na kufungua logi, daftari ambamo mfumo huandika matukio yake, unakuta saa fulani mambo shwari, kisha mashine inawaka upya, na katikati kimya. Watu hudhani hawajui pa kutazama, kumbe hapakuandikwa kitu.

Atakayesoma ripoti yako huenda yuko Ujerumani au Japani, ana ripoti nyingine sitini, na hataigusa mashine yako maisha yake yote. Mbele yake wamesimama washukiwa watatu. Kuna vyuma vyenyewe: RAM, prosesa, usambazaji umeme, joto. Kuna draiva, yaani ile programu ndogo inayoijulisha kerneli namna ya kuongea na kifaa fulani (hana uhusiano na dereva wa daladala, ingawa wote wawili wanaweza kukulaza barabarani). Na kuna kerneli kuu. Kila kipande cha taarifa unachompa kinapaswa kumfunga mmoja wao au kumtoa. "Kompyuta inazima yenyewe, nimejaribu kila kitu" haimfungi wala haimtoi yeyote.

Sasa tuione ajali. Huu ni mfano wa oops. Jina la draiva nimelibadili kwa makusudi na mistari mingi nimeikata:

```
BUG: kernel NULL pointer dereference, address: 0000000000000018
#PF: supervisor write access in kernel mode
#PF: error_code(0x0002) - not-present page
Oops: 0002 [#1] PREEMPT SMP
CPU: 2 PID: 1187 Comm: kworker/2:1 Tainted: G    O   6.1.0-18-amd64
RIP: 0010:kadi_tuma+0x4a/0x1c0 [kadi]
Call Trace:
 kadi_zungusha+0x88/0x120 [kadi]
 process_one_work+0x1c7/0x380
 worker_thread+0x4d/0x380
 kthread+0xda/0x100
```

Mstari wa kwanza unasema kerneli ilifuata kielekezi kitupu. Kielekezi ni anwani ya mahali kitu kilipo kwenye RAM, na kitupu maana yake ni sifuri: hakielekezi popote. Lakini tazama, anwani iliyoguswa si sifuri, ni 18 kwa hesabu ya kumi na sita, yaani 24 ya kawaida. Kwa fundi hiyo ni habari tamu. Alikuwa na kielekezi cha rekodi, kikawa kitupu, kisha akajaribu kugusa sehemu iliyo baiti 24 ndani ya rekodi hiyo. Atafungua programu, atahesabu baiti 24, atajua ni sehemu gani ya rekodi ipi. Namba 0002 inaongeza kwamba ilikuwa ni kuandika, si kusoma, na kwamba ukurasa huo wa kumbukumbu haukuwepo kabisa.

Alama `[#1]` watu huipita. Ni namba ya ajali tangu mashine iwashwe. Ya kwanza ndiyo ya kuaminika. Ya pili na ya tatu huwa ni magari yaliyogonga gari lililokwishapinduka. Kama logi yako inaanzia `[#3]`, rudi nyuma utafute `[#1]` kabla hujamsumbua mtu.

RIP hapa si ile ya kwenye makaburi, ingawa utani unajileta wenyewe. Ni rejista, kisanduku kidogo ndani ya prosesa, inayoshika anwani ya amri inayotekelezwa. `kadi_tuma+0x4a/0x1c0` inasomeka hivi: ndani ya kazi (kipande cha programu chenye jina lake) iitwayo kadi_tuma, baiti ya 74 kati ya 448; 0x ni alama ya hesabu ya kumi na sita. Namna hii ya kuandika ndiyo yenye maana, kwa sababu kerneli za leo hujipanga mahali tofauti kwenye RAM kila zinapowashwa ili kuwachanganya wavamizi. Anwani kamili ya mashine yako leo haina maana kwenye mashine nyingine, wala kwenye yako kesho. Jina na umbali hubaki vilevile, mradi toleo ni lilelile. Mabano `[kadi]` yanasema kazi hiyo iko ndani ya moduli, kipande kinachopachikwa kwenye kerneli, inayoitwa kadi, na mshukiwa wa pili hapo ameanza kutokwa jasho.

Call Trace husomwa kutoka chini kwenda juu: nani alimwita nani hadi kufika kwenye ajali. Mstari ukitanguliwa na alama ya kuuliza, kerneli inakiri haina hakika kama kazi hiyo ilihusika au ni mabaki tu. Usiifute kwa kusafisha logi. Fundi anajua kuipuuza, na mara mojamoja anajua kutoipuuza.

Kisha kuna neno ambalo mimi nalitazama kabla ya yote: Tainted. Kerneli yenye doa. Herufi zinazofuata zinataja aina ya doa, na ni nyingi. G ni salama, haina moduli yenye leseni ya siri. P inasema ipo. O ni moduli iliyotoka nje ya kerneli rasmi. W: kulikuwa na onyo kabla ya hapa. D: ilishapata oops nyingine, turudi kwenye `[#1]`. M ndiyo ya kuogopwa, prosesa yenyewe imelalamika kuhusu vyuma. Ripoti yenye P au O mara nyingi hujibiwa kwa sentensi moja: ondoa moduli hiyo, rudia, kisha njoo. Wengine huona ni majivuno. Mimi naona ni haki. Huwezi kumwomba mtu achunguze chakula wakati kuna kiungo kimoja umekificha mfukoni.

Kuna namba nyingine ambazo ukizizoea zinajitambulisha zenyewe. Anwani kama `dead000000000100` haikuzuka kwa bahati mbaya. Kerneli huipaka namba hiyo kwenye kiungo cha orodha kilichokwisha kuondolewa, ili anayekigusa tena ashikwe. Safu ya `6b6b6b6b6b6b6b6b` ni rangi inayopakwa kwenye kumbukumbu iliyorudishwa, kama kipimo hicho kimewashwa. Ukiiona kwenye rejista, kuna mtu ametumia nyumba aliyokwisha kuihama.

Swali la mpwa wangu likawa la msingi: mistari hiyo ataikamataje na mashine imekufa?

Jaribu rahisi kwanza. `journalctl -k -b -1` huonyesha maneno ya kerneli ya uwasho uliopita. Kama ilikuwa oops ya kawaida na mashine ikaendelea dakika mbili tatu, utayakuta humo. Kama ilikuwa paniki, tazama `/sys/fs/pstore` au `/var/lib/systemd/pstore`. Kwenye mashine nyingi za miaka ya karibuni kerneli huweza kusukuma kurasa za mwisho za logi kwenye kumbukumbu ndogo ya ubao mama, ileile inayotunza mipangilio ya kuwashia, na kuzikuta ikifufuka. Kerneli za tangu 6.10, mwaka 2024, zina uwezo wa kuchora skrini nadhifu ya msiba, na 6.12 ikaongeza msimbo wa QR unaobeba maelezo ili picha ya simu iwe na faida; inategemea kama waliokutengenezea mfumo wamewasha kipengele hicho. Kwa seva kubwa kuna kdump: unatenga sehemu ya RAM, tuseme 256M, na humo inakaa kerneli ya pili imelala. Ya kwanza ikifa, ya pili inaamka, inanakili kumbukumbu yote ya marehemu kwenye diski, kisha inawasha upya. Ni kama kuwa na daktari wa maiti anayeishi nyumbani kwako.

Seva ya dukani ilikuwa kompyuta ya mezani ya zamani iliyopandishwa cheo, kibodi yake bado ya tundu la duara. Pstore, ile njia ya kumbukumbu ya ubao mama, haikuwepo. Tukaenda na netconsole, njia ninayoipenda kwa sababu haihitaji chochote isipokuwa waya wa mtandao na laptopu chakavu. Kerneli inarusha kila mstari wa logi kama pakiti ya UDP, aina ya ujumbe wa mtandao usiodai jibu, kwa kawaida mlango wa 6666, kwenda kwenye mashine ya jirani inayosikiliza na kuandika kwenye faili. Haisubiri jibu wala haigusi diski. Masharti mawili: iwe kwa waya, maana Wi-Fi kwa kawaida haikubali, na kiwango cha logi kipandishwe kwa `dmesg -n 8`, la sivyo mistari yenye thamani itabaki nyumbani. Laptopu ikawekwa juu ya katoni za brekipedi, tukasubiri.

Wakati tunasubiri nikamwambia aandae sehemu nyingine ya ripoti, ambayo ni ya kuchosha na ndiyo inayoamua kama utajibiwa.

Toleo kwanza, lote. Watu huandika "natumia Debian 12", mojawapo ya mifumo inayojengwa juu ya Linux, au "Linux mpya kabisa". Hata amri ya `uname -r` haitoshi: kwenye Debian 12 inatoa `6.1.0-18-amd64`, na hiyo 6.1.0 ni jina la kifurushi, si toleo halisi. `uname -a` ndiyo inayofichua kwamba ndani yake kuna 6.1.76. Tofauti hiyo si ya wapenda ukamilifu. Desemba 2023 Debian iliahirisha toleo lake la 12.3 kwa sababu kerneli 6.1.64 ilikuwa na kasoro iliyoweza kuharibu data kwenye mafaili ya ext4, mpangilio wa kawaida wa kuhifadhi mafaili kwenye diski: rekebisho lilirudishwa kwenye kerneli ya zamani bila mabadiliko mengine liliyoyategemea. Siku iliyofuata ikatoka 12.4 ikiwa na 6.1.66, kasoro imeondolewa. Fikiria mtu aliyeripoti wiki ile "nina Debian 12, kerneli 6.1". Alikuwa anaweza kuwa mgonjwa au mzima, na hakuna aliyeweza kujua.

Vyuma navyo kwa namba, si kwa jina la kwenye boksi. `lspci -nn` hutoa kila kifaa na namba mbili kwenye mabano ya mraba, ya mtengenezaji na ya kifaa. 8086, kwa mfano, ni Intel. Kadi mbili zenye jina moja dukani zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani, na draiva haiangalii boksi, inaangalia namba. Toleo na tarehe ya BIOS, programu ya ubao mama inayoiwasha mashine, huwa tayari kwenye mstari wa "Hardware name" ndani ya oops, kwa hiyo usiukate huo. Ongeza kiasi cha RAM na kama ni ya ECC, aina inayojisahihisha. Kompyuta za mezani karibu zote hazinayo.

Halafu swali ambalo mashine haiwezi kulijibu: nini kimebadilika?

"Hakuna kilichobadilika, mjomba."

Hili jibu nimelisikia mara nyingi mno. Nikauliza tena kwa njia nyingine: ilianza lini, na wiki moja kabla ya hapo nani aliigusa? Akasema atawauliza wenzake.

Swali hilo lina uzito kwa sababu kama kerneli ya zamani ilikuwa nzima na mpya inaanguka, umeshika silaha nzito kuliko logi yenyewe. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ana msimamo unaojulikana: kilichokuwa kinafanya kazi kisivunjwe na toleo jipya, na kikivunjwa ni kosa la kerneli, si la mtumiaji. Ripoti inayosema "toleo hili zima, lile linaanguka" hupanda juu ya rundo. Na ukiwa na subira unaweza kumtafuta mkosaji mwenyewe kwa `git bisect`. Kila toleo jipya la Linux, linalotoka kila wiki tisa au kumi, hubeba mabadiliko zaidi ya 10,000. Inatisha, lakini unakata katikati: unajenga kerneli ya katikati, unaijaribu, kama inaanguka mkosaji yuko nusu ya kwanza, kama haianguki yuko nusu ya pili. Mabadiliko 16,000 yanaisha kwa majaribio 14. Kwa mashine ya kasi ni kazi ya siku moja. Kwa ile ya dukani ingekuwa ya mfungo mzima.

Jambo la kupeleka wapi ni jepesi kuliko linavyotajwa. Kama unatumia kerneli ya msambazaji, Debian au Ubuntu au Fedora, anza kwake, kwani ameongeza viraka vyake. Kama umejaribu kerneli safi na inaanguka vilevile, nenda kwa wasimamizi wa sehemu husika. Ndani ya kerneli kuna faili liitwalo MAINTAINERS linalotaja kila sehemu na mwenye nayo, na skripti `get_maintainer.pl` hukutafutia. Isipokuwa kama ajali inaweza kusababishwa na mtu yeyote kwa makusudi akiwa mbali; hiyo ni tundu la usalama, na ina njia yake ya faragha. Tuma logi kama maandishi, pamoja na saa zake zote, bila kuitafsiri wala kuipamba. Kama kerneli yako ina taarifa za utatuzi, ipitishe kwenye `decode_stacktrace.sh` nayo itageuza `+0x4a` kuwa jina la faili na namba ya mstari. Fundi akipata hiyo, umemwokolea saa nzima.

Ila angalia unachotuma. `dmidecode`, amri inayoorodhesha vyuma, hutaja namba ya serial ya mashine. Logi huwa na majina ya seva na anwani za kadi za mtandao, hizo unaweza kuzifunika kwa herufi x. Faili la kdump ni jambo jingine kabisa: ni picha ya kumbukumbu yote, nywila zilizokuwa wazi, barua, hesabu za wateja. Halipelekwi hadharani hata kidogo. Likiombwa, toa matokeo ya uchambuzi, ubaki nalo.

Alhamisi jioni laptopu ya kwenye katoni ilinasa. Mstari wa kwanza, ule ambao picha isingeupata kamwe:

`list_del corruption. prev->next should be ffff8a3c41d2e0c0, but was ffff8a3441d2e0c0`

Kerneli ilikuwa inatoa kiungo kwenye orodha. Orodha zake ni kama watu walioshikana mikono: kila mmoja anajua aliye mbele na aliye nyuma. Kabla ya kumtoa mmoja ilimuuliza jirani yake, "Umemshika huyu?" Jirani akataja mtu mwingine. Kerneli ikasimama hapo hapo.

Zitazame hizo anwani mbili taratibu, herufi kwa herufi. Zinafanana zote isipokuwa sehemu moja: `3c` imekuwa `34`. Herufi c kwa biti ni 1100. Nne ni 0100. Biti moja kati ya sitini na nne imetoka kwenye moja kwenda sifuri.

Programu yenye kasoro ikiandika mahali pasipo pake huwa inamwaga baiti nzima nzima, namba isiyohusiana kabisa na iliyokuwepo. Kubadili biti moja pekee, na kuacha nyingine 63 zimetulia, si tabia yake. Hiyo ni alama ya kidole ya mshukiwa wa kwanza. Nikamwomba anitumie picha zote za zamani. Kerneli ina desturi nzuri ya kurudia mstari wa RIP karibu na mwisho, kwa hiyo hata picha za makaburi zilikuwa na jina moja moja: ya kwanza ajali ilikuwa ndani ya ext4, ya pili kwenye draiva ya mtandao, na sasa hii ya tatu mahali pengine kabisa. Kasoro ya programu kwa kawaida ina nyumba, utaikuta pale pale. (Si sheria, kumbukumbu iliyotumika baada ya kurudishwa nayo hutangatanga.) Biti iliyopotea pamoja na ajali inayohamahama, vikiwa viwili, vilinitosha.

Ripoti ilikuwa tayari imeandikwa, ina kichwa kizuri, toleo kamili, namba za vifaa, logi safi. Nikamwambia asiitume. Aweke Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, aiwashe mashine kutoka humo bila mfumo endeshi wowote, aiache usiku kucha umeme ukiruhusu.

Saa moja na nusu asubuhi simu ikalia.

"Mjomba, skrini nzima nyekundu."

"Vipande vya RAM viko vingapi?"

"Viwili." Kimya kidogo. "Kimoja tuliongeza mwezi uliopita. Lakini mjomba, wewe uliuliza kama tumebadilisha kitu, na hiyo si programu."

Alikitoa kile kipya, kipimo kikapita safi. Seva haijaanguka tena hadi leo naandika. Kipande chenyewe amekitoboa pembeni, na sasa kinaning'inia kwenye funguo za stoo.